Lori Linalokwama Nyuma ya Mke Wangu

Mbokomu, 4 Machi 2025

Mama Hellen,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasikia nusu, na hiyo nusu yenyewe Hellen ameiweka spika, kwa hiyo Dodoma nzima inajua kama nimekula au nimelala na njaa. Nimekula. Maziwa yapo. Mjukuu uliyekwenda kumlea huko namwombea akue vizuri na asirithi masikio ya baba yake.

Sasa nina shida. Unaikumbuka siku mkwe wako Calvin alipoleta hii kompyuta, wenzake wakileta mbuzi? Akasema mzee aliyeendesha lori la kahawa maisha yake yote asikae kuhesabu kuku, aendeshe malori ya kwenye kioo. Nilimcheka, halafu nikaendesha mpaka uji ukapoa. Basi gemu hilo limeanza ukorofi. Nikiliwasha, mwanzoni lori linakwenda kama barabara imepakwa samli. Baada ya muda linakwama, linaruka, linakwama tena. Naona kona iko mbele, nikipepesa jicho kona iko nyuma na mimi niko katikati ya shamba la mtu. Picha inashikwa na kigugumizi kama mchungaji mgeni anayesoma Kichagga madhabahuni.

Hilo ningelivumilia, nimevumilia magari mabovu kuliko hili. Lakini jana niliingia kwenye ule msafara wa mtandaoni aliotuunganishia Calvin, wewe huko kwenye kompyuta yake na mimi hapa, tuendeshe pamoja jioni mtoto akilala. Nikakuona. Lori la bluu, juu yake limeandikwa MAMA HELLEN. Moyo ukaruka kidogo, sikatai. Halafu nikaona lori la pili, jekundu, limekwenda kukaa ubavuni mwako kama limealikwa. Limeandikwa THADEUS WA RAU.

Mama Hellen, Thadeus ameingia lini kwenye ndoa yangu?

Muulize Calvin dawa ya kukwama. Hilo la pili utanijibu wewe.

Ni mimi, mumeo wa kanisani na cheti kipo,
Eliufoo


Dodoma, 9 Machi 2025

Baba Hellen,

Barua yako imefika imekunjamana, nadhani konda wa basi aliikalia. Nimeisoma mara mbili. Mtoto hajambo, ananyonya kama ndama. Hellen anakula mtori asubuhi na jioni, ila ndizi nilizokuja nazo zimeisha, na hizi za sokoni huku ukizipika zinakutazama tu.

Calvin anakupa shikamoo. Anasema fungua mipangilio ya gemu. Punguza vivuli, punguza miti, punguza vioo vya pembeni. Kila kitu kinachoonekana pale kuna mtu anakibeba, na huyo mtu ni kadi ya picha. Ukimtwisha mlima mzima atapiga magoti. Anasema pia draiva za hiyo kadi, yaani programu zinazoiendesha, ni za zamani, uziboreshe. Maelekezo ameyaandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa.

Kuhusu Thadeus. Mkewe alipofariki mwaka juzi, mwanawe alimnunulia kompyuta ili asikae na ukuta. Akaona majina yetu kwenye msafara, akaomba kuingia, nikamkubalia. Hakuingia kwenye ndoa. Ameingia barabarani, na barabara ni ya umma.

Anaendesha polepole na anawasha taa kabla ya kukata kona. Kuna watu sijawahi kuwaona wakiwasha.

Niandikie imekuwaje.

Elisifa


Mbokomu, 15 Machi 2025

Mama Hellen,

Nimefanya yote. Nimevua vivuli, nimeng'oa miti, nimevunja vioo. Sasa naendesha kwenye nchi yenye upara, hakuna jani, hakuna kivuli, nikadhani nimefika huko huko Dodoma. Draiva nazo nimeboresha, ingawa mimi naamini za zamani ndizo zinazoijua barabara.

Na bado linakwama! Mwanzo safi, halafu likishachemka, yale yale. Nimeigonga mashine ubavuni kama tulivyokuwa tunagonga stata ya lori la chama cha ushirika, haikusikia. Paka amehamia juu ya mashine, analala pale mchana kutwa amejinyoosha kama mjumbe wa kamati. Nikimshusha anarudi.

Tuache paka. Jana niliwafuata. Kila nikikaribia, picha inakwama, na ikifunguka nyinyi mmekwenda. Nikawakuta kituo cha mafuta. Mmeegesha. Malori mawili yameelekeana pua, injini zinanguruma, na taa mmezima. Nimekuwa dereva miaka yote hiyo, Mama Hellen, najua watu wanaegesha kwa sababu gani na wanazima taa kwa sababu gani.

Halafu ile alama ya mdomo inayowaka pembeni ya jina mtu akiongea. Ikawaka kwako. Ikawaka kwake. Kwako. Kwake. Kwako tena, na hiyo ilikaa sana. Mimi vile vya kuvaa masikioni havinisaidii, unajua sikio langu lilibaki kwenye injini. Kwa hiyo naona midomo tu, kama mtu anayechungulia harusi dirishani.

Usinifanye mtoto. Ni Thadeus yule yule aliyepeleka mbege, pombe ya posa, kwa baba yako kabla yangu. Mzee akainywa yote, akapangusa ndevu, ndipo akamwambia binti yake haolewi na Mkatoliki. Nilicheka sana siku ile. Sasa naona mwenzangu hakwenda nyumbani, aliegesha tu akasubiri.

Mlikuwa mnaongea nini?

Eliufoo, dereva wa nyuma


Dodoma, 21 Machi 2025

Baba Hellen,

Tulikuwa tunaongea ndizi. Thadeus anajipikia siku hizi, na mtori wake unaungua chini kila siku. Nikamwambia apunguze moto na asiache mwiko. Hapo ndipo mdomo wangu ulipokaa sana. Taa zangu zilizimika kwa sababu nilibonyeza mahali sipo, naye huzima zake kila akiegesha. Nikitaka kuzima taa kwa maana yako, nitazima za nyumbani kwangu.

Na kama baba yangu aliinywa ile mbege yote, na yako pia aliinywa yote. Alikuwa na kiu, hakuwa na mpango wa Mungu.

Kuhusu mashine, Calvin anasema funga kila kitu kingine kinachofanya kazi nyuma ya gemu. Ile redio ya kwaya unayoiacha inaimba humo humo kwenye kompyuta, izime. Ana maswali mengine. Alitaka kukupigia simu, nikamwambia asikusumbue, nitakuletea mimi moja moja kwa barua.

Unanieleza paka na stata, lakini hujaniambia kahawa imechanua. Niandikie kahawa. Na nani anakufulia?

Elisifa


Rau, 27 Machi 2025

Mzee mwenzangu Eliufoo,

Tumsifu Yesu Kristu.

Jumanne nilipanda huko kwako kukujulia hali. Hukuwepo, ulikuwa umepeleka maziwa. Jirani yako Priska akanikaribisha ndani nikapumzisha miguu, maana mlima wenu haumhurumii mtu. Aika mbe kwa maji ya kunywa, mwambie Priska nimeshukuru.

Nilipokaa nikaiona kompyuta yako. Mama Hellen alishanidokeza barabarani kwamba inakusumbua. Ndugu yangu, umeivisha kitambaa cha kufuma kutoka kichwani mpaka magotini! Ubavuni na nyuma kuna matundu, na mashine inapumulia hapo. Ukiyaziba inapata joto, na ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Ndiyo maana inaanza vizuri kisha picha inakwama. Gonga unavyotaka, vunja vioo vyote, ugonjwa ni huo.

Kivue kitambaa ukiweke pembeni. Ningekivua mwenyewe, lakini nyumba si yangu.

Ni kazi nzuri sana ya mikono. Ile ncha ya mawimbi nimeitambua ni mikono ya nani.

Wako katika Kristu,
Thadeus


Mbokomu, 28 Machi 2025

Mama Hellen,

Nimekuwekea barua ya Thadeus humu humu uisome kwa macho yako. Isome mwisho. AMEITAMBUA MIKONO. Mtu anakaa kwenye kochi langu, anakunywa maji yangu, anatazama kitambaa ulichonifumia, halafu anatambua! Alitambulia wapi? Au na huko Rau kuna kochi lenye ncha ya mawimbi?

Na sasa ananiambia nikivue. Nivue kitambaa cha mke wangu kwa amri ya Thadeus! Wewe ulikifuma majira ya vuli, umekaa pale mlangoni, kila jioni unakipima juu ya mashine, unasema bado, kiwe kirefu zaidi. Ulivyoondoka ulikinyoosha mwenyewe pande zote nne, ukaniambia vumbi lisiingie. Tangu hapo sijakivua. Nikishamaliza gemu nakinyoosha. Nikianza gemu nakinyoosha.

Tena nikuulize, kuna nyumba gani ya heshima huku juu ambayo kitu cha umeme kinakaa uchi? Redio ya marehemu baba ilivaa kitambaa mpaka ikazeeka na haikuwahi kukwama. Televisheni ya mchungaji inavaa. Friji ya Priska inavaa, na juu ya kitambaa kuna maua. Hata chupa ya chai inavaa! Hiyo ya kwangu tu ndiyo itembee bila nguo ili Thadeus afurahi?

Huyu anataka kunivunjia nyumba kidogo kidogo. Kwanza barabara, kisha kituo cha mafuta, sasa sebule.

Lakini mimi ni mtu wa haki. Kitambaa ni chako. Nikivue au nisikivue? Nasubiri neno lako, si la mtu mwingine.

Kahawa imechanua, nyeupe mpaka kwenye mfereji. Nafua mwenyewe. Shati la Jumapili limekuwa la rangi ya chai, usiniulize.

Eliufoo


Dodoma, 3 Aprili 2025

Baba Hellen,

Usikivue.

Nilikifuma kwa mikono yangu na kikae nilipokiweka. Endelea kuniandikia linavyokwama. Kahawa nimeiona kama niko hapo. Shati liloweke kwenye maji ya jivu.

Elisifa


Mbokomu, 5 Aprili 2025

Thadeus,

Mwenye kitambaa amesema kisivuliwe. Ninayo barua yake, imetiwa sahihi.

Nakushauri ukae Rau, upike mtori wako, uungue chini na juu.

Eliufoo, ambaye mbege yake ilikubaliwa


Mbokomu, 12 Aprili 2025

Elisifa,

Kompyuta imekufa.

Jana mlikuwa mnapanda mlima, wewe mbele na yeye nyuma yako, mizigo mmefunga vizuri. Mimi nilikuwa mwisho. Nikasema leo nawafikia hata kwa vipande vipande. Nikakanyaga. Nakuona, sikuoni, nakuona, sikuoni. Mara ya mwisho nilipokuona nilikuwa karibu sana, nikasoma jina lako vizuri. Halafu mashine ikavuma kama inataka kutapika, kikaja kiharufu cha plastiki, kioo kikawa cheusi. Alama za midomo yenu ndizo zilizowaka mwisho. Nikabaki mzee ameshika usukani wa kuchezea mbele ya kitu cheusi, na paka amekimbia.

Nilikaa pale mpaka chai ikaganda ngozi.

Asubuhi nilikwenda pale tunapokusanyia maziwa na nikasema mbele ya watu wote kwamba Thadeus wa Rau ni mwizi wa wake za watu. Wengine walicheka. Mimi sikuwa nacheka, na unajua mimi hucheka hata kwenye kikao cha kanisa.

Mwezi ulioniaga kwamba utakaa huko umeisha na mwingine unaisha. Sikuulizi unarudi lini. Kama barabara huko ni nzuri na mwenzako anawasha taa kabla ya kukata kona, baki huko. Mimi nitamuuzia mtu usukani.

Eliufoo


Dodoma, 17 Aprili 2025

Baba Hellen,

Sijawahi kupata barua yako bila mzaha ndani, na hii imenitisha. Kaa chini uisome hii polepole.

Calvin alijua tangu barua yako ya kwanza. Nilimsomea sehemu ya mashine, naye swali lake la kwanza likawa, je, imefunikwa? Nikajua hapo hapo. Nikamwambia nyamaza. Hayo ya vivuli na miti na draiva yanasaidia mashine nyingine, lakini yeye aliyatoa kwa sababu mimi nilimwomba mambo ya kuvuta muda. Ameona aibu siku zote, maskini, anakupa shikamoo huku anatazama chini.

Utauliza kwa nini. Kwa sababu ulikuwa unaniandikia.

Miaka ile ulipokuwa unapeleka kahawa Tanga bandarini, ulikuwa unakaa huko wiki, ukirudi unakaa kidogo unakwenda. Hukuwahi kuniandikia mstari mmoja. Hata salamu kwa dereva mwenzako hukuwahi kutuma. Nilikuwa nasikia honi yako bondeni, naweka maji motoni, natoka mlangoni. Wewe unashuka, unachukua ndoo, unaliosha lori kwanza. Matairi, kioo, taa moja moja. Mimi nimesimama na mtoto mgongoni. Ukiniuliza kama nimewahi kuwa na wivu na mwanamke, sikuwahi. Nilikuwa na wivu na lori.

Likaharibika, ukastaafu, nikasema sasa nimempata. Kisha Calvin akakuletea jingine, la kwenye kioo, ukanipa kisogo tena humo humo sebuleni. Ndiyo maana nilikifuma kirefu. Vumbi nilikudanganya. Nilitaka walau nilifunike, ukitaka kulishika upite kwenye mkono wangu kwanza. Kwamba kingelikwamisha sikujua mpaka Calvin aliposema. Lakini lilipokwama ukaanza kuandika, na ulivyozidi kukasirika ndivyo ulivyozidi kuandika, mpaka kahawa ukanichanulishia kwenye karatasi. Nikasema likwame. Nikaingia kwenye msafara jioni makusudi, nikijua uko nyuma, ili kesho yake upate la kuandika.

Thadeus hana kosa. Nilimwambia siri hii, hata mawimbi ya kitambaa, kituoni pale ulipotuona tumeegesha, mimi na ndizi zangu. Akasema, "Dada, huyo ni mzee mwenzangu, siwezi kumwacha anagonga mashine bure." Ndipo akapanda mlima wote ule kukwambia. Umemwita mwizi mbele ya watu, na ndiye peke yake aliyekwambia ukweli.

Kivue kitambaa. Iache ipoe siku nzima, Calvin anasema huenda haijafa, ilijizima tu kujiokoa. Itateleza, utaona. Halafu hutakuwa na la kuniandikia. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, na bado naliogopa.

Elisifa


Mbokomu, 24 Aprili 2025

Mama Hellen,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Halafu nikamtukana Calvin kidogo kwa sauti, ingawa mtu anayenyamaza akiambiwa na mama mkwe ana nidhamu, amlee mtoto wake vizuri.

Kitambaa nilikivua Jumamosi. Matundu yalikuwa yamevaa manyoya ya paka kama sweta. Niliyapuliza, nikaiacha mashine ipoe, nikawasha. Imeamka. Nimerudisha miti yote, nimerudisha vivuli, nimerudisha vioo vya pembeni. Mama Hellen, inateleza! Mvua ikinyesha mle ndani unaona kila tone linavyotambaa kwenye kioo. Paka amenuna, amehamia kwenye majivu.

Lakini kabla ya kuingia kwenye msafara nilikuwa na safari nyingine. Nilikata jani la isale pale mpakani, nikateremka nalo kupitia Kiboriloni mpaka Rau, watu wote wananiona nimelishika, na hapa kwetu kila mtu anajua mzee akitembea na isale mkononi amemkosea mtu na anakwenda kuomba radhi. Walionicheka kwenye maziwa wamenicheka mara ya pili. Thadeus alikuwa anakwangua sufuria. Nikampa jani. Nilichagua dogo. Akalitazama akasema, "Kosa lote lile, Eliufoo, na kijani chote kile huko mlimani, ukaniletea hili?" Nikamwambia kubwa nalitunza kwa siku nitakapomkosea zaidi. Akalipokea, maana isale halikataliwi hata na Mkatoliki. Mtori wake niliula. Unaungua bado. Mwambie apunguze moto, wewe anakusikiliza.

Jumatatu mbele ya wale wale wa maziwa nilisema niliyosema si kweli. Hilo lilikuwa gumu kuliko kupanda mlima kutoka Rau.

Basi jana nikaingia kwenye msafara. Nikakuona mbele, bluu, peke yako. Nikakanyaga, nikakufikia, nikakaa ubavuni. Hakuna kilichokwama. Nilikuwa na barabara nzima, mvua, miti, na mke wangu mita mbili kutoka kwangu, na sikuwa na neno hata moja. Alama yako ya mdomo ikawaka, ikazima. Nikaona ni yale yale ya ndoo. Unadhani nilikuwa napenda matairi? Nilikuwa natoka Tanga na vumbi na mdomo mtupu, nakuona umesimama pale mlangoni, na sijui pa kuanzia. Lori nililijua pa kuanzia. Unaanza na tairi la mbele.

Kwa hiyo nilizima gemu katikati ya barabara, nikachukua kalamu. Utanisamehe nimekuacha ukiendesha peke yako.

Mtoto akikaza shingo, rudi. Nitakuja stendi na sitaosha chochote. Ukichelewa nitaandika. Ukifika nitaandika pia, nikuwekee barua chini ya sahani, usome nikiwa nje nakata majani ya ng'ombe, maana mbele yako sitaweza.

Thadeus alinipa salamu nyingi nikufikishie. Nimezisahau njiani.

Eliufoo